Nani Atalijenga Lango la Jaa?

Hotuba ya redio
Masomo: Nehemia 3:1-14, Ezekieli 34:17-19

Twawasalimu ninyi mlio mashambani, na leo hasa twawasalimu ninyi mnaokaa mijini: ninyi wa nyumba za kukodi, ninyi wa mitaa ya mabati, na ninyi wa nyumba zenye bustani na kuta za mawe. Neno letu la leo latoka katika Kitabu cha Nehemia, sura ya tatu. Kama Biblia yako iko karibu, tafadhali ifungue, kwa maana hii ni sura ambayo wasomaji wengi huiruka.

Huiruka kwa sababu ni orodha ya majina tu. Fulani alijenga hapa, na baada yake fulani akajenga pale. Watu wa Mungu walikuwa wamerudi kutoka uhamishoni wakaukuta ukuta wa Yerusalemu umebomoka, na malango yameteketezwa kwa moto. Nehemia alizunguka usiku akiutazama uharibifu ule, kisha akawaita watu, na kila mmoja akashika sehemu yake. Kuhani Mkuu Eliashibu na ndugu zake walilijenga Lango la Kondoo. Wafua dhahabu walifanya kazi, na mtengenezaji wa manukato pia. Mtu mmoja, Shalumu, alikuja na binti zake. Tukifika mstari wa kumi na nne twasoma kwamba Lango la Jaa lilijengwa na Malkiya mwana wa Rekabu.

Jaa ni nini, ndugu msikilizaji? Ni mahali pa kutupia taka. Kupitia lango lile yalitoka majivu ya meko, mifupa, na mafagio yote ya mji, yakapelekwa bondeni. Lango la Kondoo lilikuwa na heshima yake, maana lilikuwa karibu na hekalu. Lango la Samaki lilikuwa na biashara yake. Lakini ni nani angependa kuambiwa kwamba fungu lake ni Lango la Jaa? Harufu yake tu yatosha kumfukuza mtu. Hata hivyo, mji usio na lango hilo utaugua kabla mwezi haujaisha, pamoja na makuhani wake na wafua dhahabu wake.

Basi angalia ni nani aliyekubali kazi hiyo. Hakuwa mtumwa, wala mtu aliyekosa pa kwenda. Malkiya alikuwa mkuu, mtawala wa sehemu iitwayo Beth-hakeremu, jina lenye maana ya nyumba ya mizabibu. Mkuu wa mashamba ya mizabibu alikuja mjini akashika lango la taka. Wala hakupita na kulifagia tu. Alilijenga, akatia milango, akatia na makomeo. Alilifanya kwa ukamilifu ule ule ambao wengine walifanyia malango ya heshima.

Sasa tuutazame mji wetu mkuu. Jina la Nairobi latokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji baridi. Reli ilipofika hapo mwaka 1899, palikuwa uwanda wenye kinamasi na mito. Hesabu ya watu ya mwaka 1969 iliwakuta wakazi 509,286. Ile ya mwaka 1979 iliwakuta 827,775. Na ile ya mwaka 2019 iliwakuta 4,397,073. Katika muda wa miaka hamsini watu wameongezeka zaidi ya mara nane, lakini mito ni ile ile, wala mvua haijapewa njia nyingine ya kupita.

Mto Nairobi huanzia katika kinamasi cha Ondiri, huko Kikuyu. Hushuka ukapita katikati ya mji, na mito ya Mathare na Ngong hupita pande zake. Humo njiani mto hupokea maji ya vyoo, mafuta machafu ya magari, maji ya viwandani na takataka za sokoni. Mitaa mingi haina mabomba ya maji machafu, na mahali pengine mabomba yapo lakini yamepasuka. Kisha mto huingia katika Mto Athi, ukashuka Ukambani, ukaitwa Galana, ukaitwa Sabaki, ukamwagika baharini karibu na Malindi. Basi yule mama wa Ukambani anayeinama kuchota maji ya Athi huchota pia yale yaliyotupwa na mtu wa mjini ambaye hatamwona maisha yake yote.

Tukiacha maji, tuzitazame taka kavu. Inakadiriwa kwamba Nairobi hutoa zaidi ya tani 2,000 za taka kila siku, na sehemu kubwa ya zile zinazochukuliwa imekuwa ikipelekwa Dandora. Jaa hilo lilifunguliwa katika miaka ya 1970. Mwaka 2001 lilitangazwa kwamba limejaa, lakini magari yaliendelea kumwaga hapo kwa miaka mingi baadaye. Limezungukwa na nyumba za watu, na shule, na makanisa. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake makuu yako papa hapa Nairobi, lilitoa taarifa ya uchunguzi uliofanywa huko. Watoto 328 walipimwa. Yapata nusu yao walikuwa na madini ya risasi katika damu kupita kiasi kilichokubaliwa. Risasi ni yale madini yaliyomo katika betri za magari. Hayana harufu. Huingia mwilini mwa mtoto kwa vumbi na kwa mikono michafu, yakadhuru damu yake na ubongo wake, hata akashindwa masomo bila mtu kujua sababu.

Ndugu msikilizaji, tumezoea kusema, "Zitupe nje." Lakini huko nje ni wapi? Nje ya mlango wako ni mlangoni pa mtu mwingine. Mtu aweza kupiga deki sebule yake mpaka ing'ae, na yale aliyoyafagia yakaishia kifuani mwa mtoto wa Dandora. Nyumba yake ni safi, ndiyo, lakini usafi huo umelipiwa na mtu mwingine.

Hayo ndiyo aliyoyaona nabii Ezekieli katika somo letu la pili. Mungu aliwakemea kondoo walionona. Walikuwa wamekula malisho mema, kisha wakayakanyaga yaliyobaki. Walikuwa wamekunywa maji safi, kisha wakayavuruga kwa miguu yao, na kondoo dhaifu wakabaki wanywe tope. Mungu hakuwakemea kwa sababu ya kunywa, maana maji aliyaumba yanywewe. Aliwauliza kama ni jambo dogo kunywa halafu kumchafulia anayefuata. Ezekieli asema kwamba Mungu mwenyewe atahukumu kati ya kondoo na kondoo.

Katika mvua za masika za mwaka 2024 tuliona hukumu hiyo inavyoweza kumwangukia asiye na kosa. Mito ya Nairobi ilifurika. Huko Mathare na mitaa mingine ya bondeni watu walisombwa usiku pamoja na vyombo vyao. Katika nchi nzima zaidi ya watu 200 walipoteza maisha. Kweli mvua ilikuwa kubwa mno, na wataalamu watuambia kwamba joto la dunia linalozidi huongeza mvua za namna hiyo. Lakini mitaro ilikuwa imezibwa kwa taka, na kingo za mito zilikuwa zimejengwa. Baadaye nyumba nyingi kando ya mito zilibomolewa, na maskini akaondoka na godoro lake kichwani bila kujua aendako. Mtu hukaa kando ya mto mchafu kwa sababu kodi ya huko ndiyo anayoiweza. Tukisema juu ya usafi wa mji bila kumkumbuka huyo, tutakuwa tumemfagia yeye pamoja na taka.

Hapo twajua kwamba wengine mnauliza maswali. Tuyajibu matatu.

Mmoja asema, "Hii ni kazi ya serikali. Sisi twalipa kodi." Ni kweli, serikali ina fungu lake, tena kubwa. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 42, yampa kila mtu haki ya kuwa na mazingira safi yenye afya. Mwaka 2022 sheria ya usimamizi wa taka ilipitishwa, ikiagiza taka zinazooza zitengwe na zisizooza. Yatupasa kuwauliza wawakilishi wetu wa wadi na magavana wetu, kwa adabu na bila kuchoka, sheria hiyo imefika wapi katika mtaa wetu. Nehemia naye hakuacha kwenda serikalini. Alimwomba mfalme barua ili apewe miti ya malango. Lakini barua ile haikujenga ukuta. Barua ilipofika, watu walikunja nguo zao wakafanya kazi.

Wa pili asema, "Kanisa lihubiri wokovu. Dunia hii yapita. Mambo ya taka yanatuhusu nini?" Ndugu, soma Kumbukumbu la Torati, sura ya ishirini na tatu, kuanzia mstari wa kumi na mbili. Wana wa Israeli waliagizwa kila mtu awe na kijiti cha kuchimbia, atoke nje ya kambi, na akimaliza haja yake aufunike uchafu wake. Kwa nini? Kwa sababu Mungu alitembea katikati ya kambi yao. Ile ilikuwa kambi ya wasafiri. Wangeweza kung'oa hema kesho na kuuacha uchafu ule nyuma. Hata hivyo Mungu hakukubali kusema kwamba, kwa kuwa wanapita tu, haidhuru. Ikiwa alijali choo cha kambi ya usiku mmoja, je, hajali mji ambao watoto wetu watakaa miaka sabini?

Wa tatu asema kwa sauti ya kuchoka, "Taka ni nyingi mno. Mimi nitafanya nini?" Huyo nasi twamwelewa, maana hata wajenzi wa Nehemia walifika hapo. Sura ya nne, mstari wa kumi, yatuambia kwamba nguvu za wachukuzi zilikuwa zimepungua na kifusi kilikuwa kingi. Nehemia hakuwaambia kwamba kifusi ni kidogo. Aliwaambia wamkumbuke Bwana, na akawapanga kwa jamaa zao, kila jamaa mahali pake.

Wala hatukosi mifano ya hapa kwetu. Mwaka 1989, mpango ulipotolewa wa kujenga jumba la ghorofa sitini katika bustani ya Uhuru, Profesa Wangari Maathai aliupinga, akadharauliwa na kutukanwa. Jumba lile halikujengwa. Mwaka 1999 yeye na wenzake walipigwa wakiutetea msitu wa Karura. Mwaka 2004 alipewa Tuzo la Amani la Nobel. Leo Karura ni msitu wa zaidi ya hekta 1,000 ndani ya mji, na jamaa hutembea humo na watoto wao chini ya miti ambayo ingekuwa majumba.

Na ile mifuko ya plastiki je? Ilikuwa imejaa katika mitaro, katika miti, na katika matumbo ya ng'ombe na mbuzi. Tarehe 28 Agosti 2017 ilipigwa marufuku. Wengi walisema kwamba biashara itakufa. Haikufa. Vikapu vilitoka uvunguni, mifuko ya nguo ikashonwa, na mama mboga akaendelea kuuza. Wako wanaoipitisha kwa siri hata sasa, na chupa za plastiki zingali shida. Lakini watu waliojifunza neno moja katika juma moja waweza kujifunza na la pili.

Basi tufanye nini? Sura hii ya Nehemia yatufundisha kwamba wengi walijenga mahali palipoelekea nyumba zao wenyewe. Tuanzie hapo.

Kwanza, nyumbani. Zaidi ya nusu ya taka za Nairobi ni vitu vya kuoza: maganda ya viazi na ndizi, majani ya sukuma wiki, mabaki ya ugali. Vikitupwa pamoja na chupa na betri, vyote huharibika. Weka ndoo mbili. Vinavyooza vitie katika shimo, au kama huna shamba, katika pipa kuukuu lililotobolewa matundu. Changanya na majani makavu na majivu kidogo, nyunyizia maji, pindua kila juma. Baada ya miezi mitatu hivi utapata mbolea ya kutosha gunia la sukuma wiki mlangoni pako. Kama hata pipa huna pa kuliweka, omba kona katika kiwanja cha kanisa. Plastiki usiichome, maana moshi wake ni sumu.

Pili, kanisani. Baada ya harusi na harambee na mikutano mikubwa, tazameni uwanja. Je, hatuwezi kuosha vikombe badala ya kutupa vya plastiki? Wazee wa kanisa waulize mambo mawili: maji ya vyoo vya kanisa huenda wapi, na yule mwenye gari tunayemlipa humwaga taka zetu wapi? Kama humwaga kando ya mto usiku, basi sadaka yetu ndiyo inayomlipa kuuchafua mto.

Tatu, tuwaheshimu waokota taka. Kila siku wanalitunza Lango la Jaa kwa mikono mitupu. Chupa iliyovunjika ifunge katika gazeti usije ukamkata mtu. Msalimu kwa jina lake. Chama cha akina mama kinaweza kununua glavu na viatu vya mpira kwa gharama ya karamu moja. Na watoto wao waonekane katika shule ya Jumapili, wala wasiketishwe nyuma kwa sababu ya nguo zao.

Nne, twasema na ninyi wenye nyumba za kukodisha. Wako watu wanaopokea kodi mwanzo wa mwezi, na mvua ikinyesha usiku hufungulia shimo la choo litiririke mtoni. Mvua hulificha jambo hilo mbele ya majirani. Mungu wa Ezekieli ameliona. Mwajiri wa kiwanda anayefanya hivyo naye asikie neno hili. Nehemia 3:5 yatuambia juu ya wakuu wa Tekoa, ambao hawakukubali kuinamisha shingo zao kwa kazi ya Bwana. Watu wao wa kawaida walijenga. Wakuu wakasimama kando. Jina la Malkiya limeandikwa, na la wakuu wale halikuandikwa.

Na tano, tupande miti, hasa kando ya mito, iliyo ya asili ya nchi yetu. Mikaratusi isipandwe hapo, kwa kuwa hunywa maji mengi.

Wapenzi, kabla hatujamaliza, tufungue Nehemia sura ya kumi na mbili. Ukuta ulipokwisha kujengwa ilifanywa sikukuu ya kuuweka wakfu. Nehemia alipanga makundi mawili makubwa ya waimbaji watembee juu ya ukuta wakimshukuru Mungu. Mstari wa thelathini na moja watuambia njia waliyoishika kundi moja. Walikwenda kuelekea Lango la Jaa. Naam, kwaya ilipita juu ya lango la taka, na matoazi na vinanda na vinubi, na wakuu wakifuata nyuma. Waliweza kupita kwa sababu mtu mmoja alikuwa amelijenga barabara. Kama Malkiya angalikataa, pangalikuwa na pengo hapo, na nyimbo zingalikatika.

Miji yetu ina kwaya nzuri. Nairobi, Mombasa, Kisumu, Nakuru, Eldoret, kila Jumapili sauti hupanda. Neno linalobaki kwetu ni kama kwaya hizo zaweza kupita kando ya Mto Nairobi, na kupita Dandora, bila kuona haya. Yeremia aliwaandikia watu waliokaa katika mji wa kigeni wautakie mji huo amani, kwa kuwa katika amani yake wao nao wangepata amani. Ikiwa Babeli ilistahili hayo, si zaidi mji wetu wenyewe?

Juma hili, kila nyumba inayotusikia na ijiulize: nani kwetu atalijenga Lango la Jaa?

Na tuombe. Ee Baba, uliyeumba maji yakiwa safi, twakuomba kwa ajili ya miji yetu. Wakumbuke watoto wanaokaa penye moshi wa taka, na jamaa waliopoteza wapendwa wao katika mafuriko. Wape watawala wetu moyo wa Malkiya, wasione haya kushika kazi iliyo chini. Utupe nasi nguvu za mikono, tujenge palipoelekea nyumba zetu, mpaka wimbo wa sifa zako upite juu ya kila lango bila kukatika. Katika jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.